Ng'ombe wa Mama

Mama alipenda nyimbo za kantri za Kizungu kuliko mtu yeyote katika ploti yetu ya mtaa wa Mowlem, na hakuelewa neno hata moja. Jumapili baada ya kanisa alifungua redio, akaloweka nguo na kuimba. Mwimbaji aliimba kwa Kiingereza chake cha puani, naye Mama akatia maneno yake mwenyewe. Wimbo mmoja wa polepole, kinywani mwake, ulihusu ng'ombe mwekundu aliyetoroka kwao Bungoma siku ya mvua, na dada yake akishuka mtoni kumwita. Mimi nililala chali kwenye saruji yenye joto, shuka zikijaa upepo juu yangu, nikimwona yule ng'ombe akipita katikati ya shuka hizo bila haraka.

Nilipokijua Kiingereza shuleni, niligundua wimbo ule ulikuwa wa dereva wa lori aliyeachwa na mkewe. Nikaupenda wa Mama zaidi.

Nilianzia kwaya ya kanisa, kisha nikapata gitaa kuukuu nikaanza kutunga nyimbo, na baadaye hoteli moja ya nyama Kiamaiko, mkabala na soko la mbuzi, ikanipa nafasi ya kuimba Jumapili alasiri. Mwenye hoteli, mama mpole, aliniambia mapema, "Imba zile watu wanajua. Zako utaimba ukishajulikana."

"Na nitajulikanaje kama siimbi zangu?"

Akacheka, akanisogezea sahani ya mbavu. Nikaimba nyimbo za wengine zaidi ya mwaka.

Kisha Jumapili moja mvua kubwa ikanyesha na stima ikapotea, taa zikazimika. Wateja walikuwa wafanyabiashara watatu wa mbuzi kutoka kaskazini, wamekaa karibu na jiko wakinywa chai, makoti yao yakitoa mvuke. Moshi ulitanda, mwanga ulikuwa wa kijivu, mbuzi walilia mahali fulani chini ya mabati. Nilikuwa kama mtu aliye nusu usingizini. Bila kupanga, vidole vikaanza kupiga sauti niliyokuwa nimeitunga mwenyewe, na juu yake nikaimba habari za yule ng'ombe.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akaweka kikombe chini.

"Dada, huyo ng'ombe alipatikana?"

"Sijui, mzee."

"Hujui? Umemwacha msichana wa watu kwenye mvua, na hujui?"

Hakuwa akitania. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama akikata mboga za sukuma.

"Mama, yule ng'ombe wa wimbo alipatikana?"

Kisu kikasimama. "Alipatikana. Alikuwa kwenye mahindi ya watu ng'ambo ya mto, amezaa. Dada yangu alirudi akiimba njia nzima. Tulimsikia kabla hatujamwona."

"Mbona hukuwahi kuimba hapo?"

"Wimbo wa redio ulikuwa unaisha kabla sijafika."

Wiki hiyo niliandika ubeti wa mwisho. Jumapili iliyofuata stima ilikuwapo na meza zilijaa, lakini niliuimba hivyo hivyo. Ndama alipotokea kwenye mahindi, yule mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari za nyumbani. Mwenye hoteli akaja akipangusa mikono.

"Huo ni wa nani?"

"Wangu na wa mamangu."

"Hebu urudie."

Nilikuja kuurekodi Kayole, katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani. Kijana wa mitambo alitaka niuimbe kwa Kiingereza. Nikakataa, naye baada ya kuusikia mara moja hakurudia ombi hilo. Wimbo huo ukanipatia mpiga fidla, harusi kadhaa, na mwishowe mwaliko wa tamasha la kantri nje ya Nakuru. Uwanja ulikuwa wa nyasi, watu wamevaa kofia pana, mawingu yakipita polepole juu ya vilima. Nilisimama mbele ya kipaza sauti nikiyatazama kama zile shuka za Mama, mpaka mpiga fidla akanigusa kiwiko.

"Anza," akanong'ona. "Wanakungoja."