Nyumba Iliyopimwa kwa Mashati

Kwa miaka ishirini na sita alifua na kupiga pasi nguo za watu, hata mtaa ukasahau kwamba alikuwa na jina. Wateja walimwita Dada Pasi. Watoto walimwita Mama Pasi, ingawa hakuwahi kuzaa. Mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyempa hilo jina lililosahaulika, alimwita "we Pasi," kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku jikoni.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati pande zote, kimebanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na kinyozi. Ndani kulikuwa na meza, ndoo ya maji na pasi mbili za mkaa, moja ikifanya kazi na nyingine ikipata moto. Saa nane mchana hapakuwa na tofauti kubwa kati ya kusimama mbele ya pasi na kuwa ndani yake. Mara ya kwanza nilipompelekea mashati nilisubiri mlangoni kwa dakika tano, nikaondoka nimelowa kuliko nguo alizokuwa akizinyunyizia maji. Yeye alikuwa mkavu.

"Jasho langu liliisha zamani," alisema. "Siku hizi natumia la wateja."

Mtu wa namna hiyo halijui joto kwa kusimuliwa. Alijua kwamba jinzi nzito huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, na kwamba hariri hupokea na kusahau papo hapo. Alijua cheusi hunywa jua na cheupe hulitema. Alijua mvuke usipopata tundu juu hukurudia usoni. Nimewasikia wasomi wakieleza mambo hayohayo kwa lugha tatu na picha za rangi, na hawakuongeza mengi.

Aliamua kujenga kwa sababu ya mama yake. Msimu wa joto uliotangulia, bibi huyo wa miaka sabini na minane alianguka katika nyumba ya zamani ya familia, chini ya bati tupu lisilo na dari. Walimkuta ngozi imekauka, inachoma, naye anagombana na mumewe aliyekuwa kaburini miaka kumi na tano. Daktari alimwita Pasi pembeni. Moyo umechoka, alisema. Msimu mwingine chini ya bati lile, hataumaliza.

Baba alikuwa ameacha kiwanja kimoja kwa watoto wawili. Nusu moja ilikuwa ya Pasi. Nusu ya pili ilikuwa ya mdogo wake, ambaye aliwahi kusimamia kituo cha mafuta kwa miezi mitatu akatolewa, lakini cheo kikabaki mwilini kama chanjo. Watu wote walimwita Meneja. Meneja alipanga upande mwingine wa mji, na alikuwa akisema kila akija, "Mimi kuishi huku? Labda mje kunizika."

Pasi alianza kwa kuuliza upepo. Alichukua mashati sita ya shule, saizi moja, kitambaa kimoja, akayafua pamoja, akayaanika sehemu sita za kiwanja. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiyagusa moja baada ya jingine. Alirudia asubuhi na mchana, siku za jua na za mawingu, kwa majuma manane. Majirani walimcheka wakachoka. Mama yake hakuchoka.

"Mwanangu amepata wazimu," aliwaambia wapita njia kwa sauti ya kusikika. "Anapeana mikono na mashati."

Mashati yalisema kitu kimoja kila siku. Yaliyoangalia nusu ya Meneja yalikauka kwanza, karibu mara mbili ya kasi ya mengine. Upepo ulikuwa unaingia kutoka huko, ukipita uwanja mtupu bila kizuizi, kwani nyumba ya zamani ilikuwa pembeni kabisa ya nusu hiyo.

Mwashi aliyemwajiri alikuwa mzee kidogo mwenye mdomo mrefu. Wakati wa kupiga kamba za msingi alishika kiuno.

"Dada, nyumba huwa inatazama barabara. Watu wapite waione sura."

"Barabara haileti upepo."

"Sasa itakaa ubavu ubavu kama mtu aliyenuna."

"Iache inune. Tumbo na mgongo visilione jua. Jua la asubuhi na la jioni likute mabega tu."

Ndivyo ilivyojengwa: ndefu na nyembamba, kuta zake fupi zikipokea mawio na machweo bila dirisha hata moja. Kuta zote zilikuwa za matofali mazito ya udongo yaliyoshindiliwa na saruji kidogo, upana wa dhiraa nzima. "Jinzi," alimwambia mwashi. "Jua lipige mchana kutwa, likianza kupenya kiza kimeshaingia." Bati alilipaka chokaa mpaka likaumiza macho. Chini yake aliweka dari ya mbao, na katikati ya bati na dari akaacha nafasi ya shubiri mbili, iliyo wazi huku na huku hewa ipite. "Shati juu ya fulana," alieleza. "Linaloungua ni la juu." Upenu ulitoka hatua nzima na nusu kuzunguka nyumba. Jiko lilikuwa nje. Mwashi alipotaka kumwaga saruji mbele ya madirisha ili mahali papendeze, Pasi alimnyang'anya koleo. "Saruji mbele ya dirisha ni pasi ya pili," alisema, akapanda majani.

Walikosana mara moja tu kwa kweli. Pasi alitaka madirisha yote manne makubwa yaelekee kwa Meneja, na upande wa uchochoro yawepo matundu madogo ya juu ya kutolea hewa, basi.

"Kule ni kwa nani?" mwashi aliuliza.

"Kwa mdogo wangu."

"Basi gawa madirisha. Mawili huku, mawili uchochoroni."

"Uchochoroni kuna mtaro, unanuka."

"Harufu unaizoea, dada. Ukuta wa mtu huuzoei."

"Yule nilimbeba mgongoni," Pasi alisema, na mwashi akapandisha kamba.

Alipima jua, upepo, udongo na mteremko wa maji. Mtu aliyembeba mgongoni hakumpima.

Msimu wa joto ulipofika, mama alihamia. Alifika akiwa amebebwa kwenye kiti, akatazama kuta, akatoa hukumu: "Nimezaa mchwa." Wageni aliwakaribisha kwenye kichuguu. Saa saba mchana, bati za jirani zikiwa zinalia kwa kutanuka, yeye alijifunika shuka na kulalamika baridi. Hakuanguka. Hakugombana na marehemu. Alikula, alinenepa kidogo, na nguvu zilizorudi alizitumia kutukana. Daktari alipomwona baada ya msimu alimpongeza. "Mungu," mama alijibu, huku Pasi amemshika mkono asidondoke kwenye ngazi.

Mwaka uliofuata Meneja alipata kazi ya cheo kikubwa, safari hii kweli, akakumbuka ana kiwanja. Alibomoa nyumba ya zamani na kujenga ghorofa la vioo, hatua mbili kutoka madirisha manne ya dada yake. Vioo vilikuwa vya kisasa, visivyofunguka, ili ubaridi wa viyoyozi usipotee. Paa lilikuwa jeusi, kwa sababu mkewe aliona jeusi kwenye picha. Mashine ya nje ya kiyoyozi kikubwa ilifungwa ukutani, ikitazama chumba cha mama, na ilipowashwa ilipuliza hewa kama ya kibanda cha mabati.

Pasi alikwenda uzioni.

"Mdogo wangu, umeziba upepo."

"Dada, upepo una hati?"

"Na hiyo mashine inapuliza chumbani kwa mama."

"Ukuta wangu, mashine yangu. Hewa ikishatoka si yangu tena." Meneja alicheka vizuri, bila uadui, kama anavyocheka mtu aliyepata jibu zuri. "Halafu kwa mama usijali. Mama anahamia kwangu."

Mama alikuwa tayari ameshajua. Mabegi yalikuwa kitandani. Pasi alizikunja nguo za mama yake, zote zimepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, huku bibi akimhimiza.

"Mama, huku umekosa nini?"

"Huku nilikuwa mgeni. Mtoto wa kiume hujenga, wa kike hujishikiza."

"Nimejenga hii kwa ajili yako."

"Nilikutuma?"

Akatoka kwa miguu yake mwenyewe, miguu ambayo nyumba ile ilikuwa imemrudishia, akavuka kwenda upande wa pili bila kuangalia nyuma.

Mtu mwingine angeuza. Pasi alichukua nyundo na tindo. Alitoboa matundu sita chini kabisa ya ukuta wa uchochoro, ule wenye mtaro, akaufunika mtaro kwa vibao na kupandisha mmea wa kutambaa ili hewa ipite kivulini kabla ya kuingia. Kisha akapanda juu akafungua sehemu ya kilele cha paa, akaweka kofia ya bati juu yake mvua isiingie. Hewa ya moto hupanda. Ukiipa mlango juu, huivuta ya baridi kutoka chini. Mwashi alipita akamkuta mwekundu wa vumbi.

"Nyumba mpya unaitoboa?"

"Ninaifundisha kupumua kwa pua."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Nipe nyundo kubwa."

Haikurudi kuwa kama mwanzo. Ilirudi karibu. Na kitanda cha mama alikitandika kila asubuhi, shuka likibadilishwa kila Jumamosi, kwa mtu aliyekuwa hatua mbili nyuma ya kioo, akimwona na haji.

Juma kali kuliko yote la msimu ule, transfoma ya mtaa ililipuka. Umeme ukakatika siku tatu. Siku ya kwanza ghorofa lilitumia ubaridi uliobaki. Siku ya pili lilianza kupika. Paa jeusi lilishusha joto, vioo vilipokea na havikuachia. Meneja alijaribu kuvunja kimoja kwa mguu wa kiti. Kilikuwa kimenunuliwa kwa sababu hakivunjiki. Pasi alimwita mama yake mara mbili kutoka uzioni aje apumzike upande huu. Jibu lilipita mlangoni: "Mwambieni sijafukuzwa kwangu."

Saa nane mke wa Meneja alikuja anakimbia, bila viatu.

"Wifi! Wifi, mama anaongea na marehemu!"

Walimbeba wanne. Ngozi ilikuwa kavu, inachoma, macho yakiwa mbali. Pasi alimlaza chumbani kwake kwa zamani, katikati ya matundu ya chini na kilele cha paa, mahali hewa ilipopita. Kisha akafungua furushi la kazi, mashati meupe ishirini ya wateja, akayalowesha yote na kumfunika nayo, akibadilisha kila lililoanza kukauka. Alijua kwa kugusa. Lililokauka haraka lilimwambia hewa inapita. Lililokauka haraka mno lilimwambia mwili bado unawaka. Alifanya hivyo kwa muda wa saa tatu. Jua lilipoanza kulegea, shati moja kifuani lilikaa na maji yake. Ndipo Pasi akakaa chini.

Familia yote ya Meneja ilikuwa imejazana sebuleni, imejilaza sakafuni.

"Kumbe huku kuna hewa!" mkewe alisema.

"Dada, uliweka nini humu?" Meneja aliuliza.

"Matundu."

Mama alifumbua macho, akanywa maji, akajitazama. "Nani kanifunika nguo za watu?"

Walikaa pale mpaka siku ya tatu mchana. Walikula chakula chake, wakalalia mikeka yake, na bibi akapata nguvu ya kusema kwamba mto ulikuwa mgumu. Kisha nje ya dirisha mashine ikakohoa, ikatetemeka, ikaanza kupuliza. Mama ndiye aliyeisikia kwanza.

"Umeme umerudi," alisema, uso ukang'aa. "Nirudisheni nyumbani."

Meneja alimbeba. Mlangoni alisimama kidogo akamtazama dada yake, na huenda alikuwa na la kusema. "Twende, mwanangu," bibi alimwambia begani, "kuna joto humu."

Kesho yake Pasi alimwita mwashi. Madirisha yote manne ya upande wa Meneja yalizibwa kwa matofali mazito, yakapigwa lipu, yakapakwa chokaa.

"Na mama akiita?" mwashi aliuliza, akifuta mwiko. Safari hii hakuwa anatania.

"Ana mtoto."

Kitanda alikivunja. Chumba kile, chenye hewa kuliko vyote, amekifanya cha kazi. Kilele cha paa kinavuta moshi wote wa mkaa. Kibanda cha mabati amekiacha. Nilimkuta katika chumba hicho cha kazi mara ya mwisho nilipopita, na kwa mara ya kwanza nilimwona na jasho, kidogo, juu ya mdomo, jasho la mtu wa kawaida.

Mke wa Meneja aliingia akiwa na shuka mbili na gauni.

"Za mama. Anasema azipate kabla ya saa sita."

Pasi alitema mate kidogo chini ya pasi, yakachemka vizuri. Hakuinua kichwa. "Mwambie kuna wateja mbele yake."

Wifi yake alisimama akizungusha pete kidoleni. "Na umeme ukikatika tena, wifi?"

Pasi alilivuta shati langu, akalinyoosha kola kwa kiganja, akalipitisha pasi mara moja, polepole, mpaka mwisho.

"Mlango anaujua," alisema.

Akaziweka nguo za mama yake chini kabisa ya furushi.