Sauti ya Kaka Sikioni mwa Mama

Kaseti ililetwa nyumbani kwangu Migosi, mtaa wa Kisumu, na rafiki wa kaka yangu, fundi mwenzake wa gereji kule Nairobi. Alinikuta nikifua nguo uani na hakukubali kuketi. Aliniambia kaka amelazwa, nimchukue mama tusafiri upesi, na kabla hatujafika mama awe ameisikiliza hiyo kaseti.

"Amesema ni ya mama peke yake," akasema. "Hata wewe dada, usisikilize."

Nilimuuliza kaka anaumwa nini. Akatazama viatu vyake. Miaka ile ya tisini, mtu akitazama viatu vyake basi umeshajibiwa: ni ule ugonjwa tusioutaja.

Mama hakujua kusoma. Barua zake alisomewa na jirani, na barua ikishasomwa hivyo, maboma yote yameisikia. Ndiyo maana kaka aliamua kuongea kwenye kaseti. Lakini alikuwa hajafika nyumbani muda mrefu, hakujua masikio ya mama yameharibika kiasi gani. La kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilisikia ukilisogelea na kupaza sauti.

Nikaenda kijijini Bondo kumchukua. Jioni hiyo, chumbani kwangu, nikaiweka kaseti kwenye redio, nikapunguza sauti na kumwambia aweke sikio kwenye spika. Nilitaka nikishabonyeza tu nitoke nje.

"Nasikia nyuki," mama akasema.

Nikaongeza kidogo. Nyuki bado. Nikaongeza tena, na sauti ya kaka ikajaa nyumba nzima: "Mama, kaa chini kwanza." Upande wa pili wa ukuta, jirani aliyekuwa akisugua sufuria akaacha kusugua. Nyumba zetu zilikuwa za mstari, paa moja, na ukuta haukufika kwenye mabati. Nikazima.

"Mbona umemzima?" mama akauliza. Alikuwa ametoa macho. "Umemzima mtoto wangu."

Kesho yake tulikuwa na tiketi za treni ya jioni. Asubuhi nikamshika mkono tukaenda mjini kutafuta redio ndogo ya kaseti ya mkononi, ile tuliyoiita wokmani, na visikizio vya kuchomeka masikioni. Vijana walivivaa wakitembea barabarani na mimi nilikuwa nawacheka. Sasa nilizunguka maduka kama mwenye kichaa. Mwenye duka wa kwanza alinisifia muziki wa wokmani yake, jinsi besi inavyogonga. Nilimwambia sitaki besi, nataka mtu akiongea asikike. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Duka la tatu lilikuwa la mwanamke mmoja aliyehamia Kisumu kutoka Murang'a. Alimpa mama kiti kabla ya kuniuliza ninachotaka. Akaanza kutoa mali yake. Kwanza vile vya utepe wa chuma unaopita juu ya kichwa, vyenye sponji pande mbili. Tukamvalisha mama juu ya kitambaa cha kichwa, kanda ya muziki ikicheza. Akasema anasikia, lakini mimi pia nilisikia, nikiwa nimesimama mlangoni. Nikatikisa kichwa. Halafu vile vidogo vya mviringo, vinavyokaa kwenye tundu la sikio. Vilikuwa vikubwa kwake, vikaanguka mara mbili mapajani, na mara ya tatu mama akavitupa kwenye kaunta.

"Sikio langu si soketi," alisema kwa Kijaluo. Mwenye duka hakuelewa, akaniuliza nimtafsirie. Nilipojaribu nikaanza kulia. Nililia mbele ya wateja, siwezi kusema kwa nini hasa pale.

 Mwenye duka aliinama chini ya kaunta akapekua katoni, akatoa kisikizio kimoja tu, cha waya mmoja, cha rangi ya maziwa, kama vile wazee walivyotumia zamani kusikilizia mpira redioni. Kilikuwa na ncha nyembamba ya kuingia ndani kabisa. "Hii si ya muziki," akasema. "Hii ni ya kusikia mtu akisema. Na inaingia mpaka ndani, hakuna mwingine anasikia." Akakifuta kwa kitambaa, akakichomeka kwenye wokmani yenye vibonye vikubwa, akaweka kanda ya mahubiri. Mama akatulia. Kisha akasema, kwa sauti iliyotoka hadi barabarani, "Huyu pasta ana mafua!"

Tukanunua. Nilijipongeza. Nilidhani nimeitunza siri ya kaka.

Ndani ya treni, chumba chetu cha kulala kilikuwa cha wanawake watupu: mimi, mama, na wauza samaki wawili waliokuwa wakienda Nairobi na mizigo yao ya omena, wale dagaa wa ziwani. Jua lilikuwa bado halijazama ziwani treni ilipoanza kuondoka. Nikamwekea mama kisikizio, nikabonyeza, nikageukia dirisha ili nisiisome hata midomo yake.

Sikuwa nimefikiria jambo moja. Mtu aliyezibwa sikio zuri hajisikii anavyopaza sauti.

"Eee, nyathina, mwanangu, nimekaa chini," mama akamjibu kaka.

Wale wanawake wakainua macho. Mama akasikiliza, akiinamisha kichwa. "Umekonda namna gani?" Akasikiliza tena. "Na kinywa? Unakula nini na kinywa kikiwa hivyo?" Nikamshika goti. Akautoa mkono wangu. "Niache, naongea na mtoto wangu." Kisha akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi behewa la pili: "Na mke wako? Naye pia anao?"

Mmoja wa wale wauza samaki alisimama, akasema anatafuta hewa. Akaubeba mto wake pia. Hakurudi. Yule mwingine alibaki palepale. Alifungua chupa yake ya chai, akamimina, akamwekea mama kikombe mkononi, akamkunjia vidole juu yake ili asikimwage. Mimi hakuniangalia, nami nilimshukuru kwa hilo.

Mama alirudisha kanda na kuisikiliza tena, na tena. Asubuhi, tulipokuwa tukikaribia Nairobi, betri zikaanza kuisha. Nilijua kwa uso wake.

"Anachoka!" akasema. "Sauti yake inaanguka. Mshike, anachoka!"

Nikamtolea kisikizio kwa nguvu, nikamwambia sikioni kwamba ni betri, betri tu. Hakuniamini. Alikaa ameikumbatia wokmani mpaka treni ikasimama.

Kaka tulimkuta hai. Kitanda kilikuwa kimoja kati ya vingi, na yeye alikuwa mdogo chini ya blanketi kama mtu aliyesahauliwa pale. Vidonda vya koo vilikuwa vimemwachia mnong'ono tu. Mama aliweka sikio lake la kulia juu ya midomo ya kaka, akangoja. Akanigeukia.

"Anasema nini?"

Ile wokmani ilikuwa mkobani na haikuwa na msaada wowote. Ilijua kucheza kanda tu. Kwa hiyo kila alichonong'ona kaka, mimi nilikisema kwa kelele kwenye sikio la mama, wodi nzima ikisikiliza. Nilipaza sauti kwamba hataki uji. Kwamba miguu inawaka moto. Nilijaribu kuinama na kuziba kwa mikono, haikusaidia.

Kisha kaka akanishika kidole. "Mwambie, watasema ni mke wangu aliyeniletea. Si yeye. Ni mimi nilimpelekea."

Nilimtazama. Nilitamani aseme kitu kingine, chochote. Nikainama, nikalisema, na wakati nikilisema mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani.

Mama alinipigapiga mgongoni, polepole, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Hilo alishaniambia," akasema.

Kaka hakumaliza wiki hiyo. Tulimrudisha nyumbani kwa barabara, mama mbele kando ya dereva. Baada ya maziko wajomba waliketi na kusema yale kaka aliyoyaogopa: wengine wakataja chira, laana ya kuvunja mwiko, wengine wakamtaja mkewe, na mmoja akasema mwanamke huyo afungashe arudi kwao. Mama hakuwa akiwasikia. Ilibidi nimsogelee nimweleze wanachosema. Alisimama kwa fimbo, akawaambia mtoto wake amempa maneno kwa kinywa chake mwenyewe, na mwanamke huyo haondoki.

Hakuondoka. Aliishi katika boma lile akidhoofika, mama akimpikia, mpaka mvua za mwaka uliofuata, kisha tukamzika kando ya mumewe. Mtoto wao waliyemwacha nilimchukua nikaishi naye kwangu Migosi.