Mfupa wa Gita la Baba

Gita la baba lilikuwa na nyuzi za utumbo, nami nikalifunga waya za breki ya baiskeli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kichwa kigumu, nikitaka lipige kelele kama magita ya baa. Kabla sijamaliza kukaza waya wa tano, kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi kiling'oka, pwaa, kikabandua na mbao kidogo.

Baba, mtu wa reli, alikuwa amelileta kwa treni kutoka Bulawayo kabla sijazaliwa. Hakunipiga. Alilitundika msumarini, uso ukiangalia ukuta, akaacha kusema nami. Kunyamaziwa kunauma kuliko fimbo. Tena baada ya wiki tatu dada yangu angeolewa, na tangu utotoni baba alikuwa amemwahidi kumpigia gita siku ya kutoka nyumbani.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja wa Maniema, Mwislamu, mchonga vitanda. Akazitazama waya zangu za baiskeli, ambayo yeye aliita kinga.

"Waya ya kinga? Na kengele yake, mbona haukuifunga?"

Nilitaka kuondoka na hasira zangu. Nilibaki kwa ajili ya dada.

"Weye ulivunja, weye utatengeneza," akasema. "Miye nitakuonesha tu."

Siku mbili nilikwangua gundi ya zamani. Tukachonga kibao kipya cha mti wa mlombwa, tukakipaka gundi ya ngozi iliyochemshwa koponi, kisha akakikaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. "Kinga ilivunja, kinga itafunga," akacheka. Siku nne sikuruhusiwa hata kuligusa.

Ukabaki ule mfupa mwembamba unaokaa juu ya kibao na kunyanyua nyuzi. Alikuwa amehifadhi vipande viwili, vya mguu wa ng'ombe aliyemchinja siku ya Idi. Cha kwanza nilikisugua mbiombio kwa tupa, na tulipojaribu uzi, ukakwaruza shingo ya gita: nilikuwa nimekipunguza mno. Nikaitupa tupa chini. Mzee akaiokota, akanirudishia mkononi.

"Mufupa haiote mara ya pili. Hii iko ya mwisho, na Idi ingine iko mbali."

Basi nikasugua mara tatu, nikapima; mara tatu, nikapima. Sijawahi kuwa mpole hivyo maishani mwangu, hata kwa mke wangu, naye analijua hilo.

Nikafunga zile nyuzi za utumbo, nikalirudisha gita msumarini, uso ukiangalia nyumba. Siku mbili baba alipita bila kuligusa. Asubuhi ya harusi akalishusha, akapiga, akapitisha kidole juu ya mfupa.

"Huyu mufupa, nani alichonga?"

"Ni miye, papa."

"Hm."

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile. Nilifurahi, nusura nilie.

Dada alipotoka mlangoni na shela yake, baba alikuwa anapiga na wanawake wanaitikia. Katikati ya wimbo akaninyooshea gita.

"Endelesha. Vidole yangu imechoka."

Nikaendelea na wimbo. Vidole vyake havikuwa vimechoka hata kidogo: alipiga makofi navyo mpaka dada akapanda gari.