Namfundisha Kazi Mtani Wangu, na Kila Nikimwonya Anacheka

Habari zenu wana ukurasa. Admin, nifichie jina na kiwanda usikitaje, maana Kihonda tunajuana mpaka mbwa wetu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, Mluguru wa Mlali, naishi Mafiga na mume wangu na watoto. Nafanya kazi huko Kihonda, kwenye kiwanda kidogo cha kuchanganya chakula cha kuku. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanitukana.

Mapema mwaka huu meneja aliniita akasema kuna mfanyakazi mpya, nimlee kikazi mpaka muda wake wa majaribio uishe. Alinipeleka hadi semina ya siku moja mjini, tukafundishwa namna ya kuongea na mtu unayemlea. Nikarudi nimejaa maarifa, nikakuta mwenyewe ni mbaba wa miaka arobaini na sita, ana mvi kidevuni. Nikamwamkia shikamoo. Sasa jamani, mtu umemwamkia shikamoo asubuhi, saa moja baadaye unaanzaje kumwambia amekosea? Siku za mwanzo nilikuwa naona anaharibu, nasubiri atoke, narekebisha mwenyewe kimya kimya.

Mungu si Athumani, siku moja tunakula akasema yeye ni Mnyamwezi wa Tabora. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani. Nilifurahi mno, maana kwa mtani hakuna umri wala cheo, unasema lolote na mwenzako haruhusiwi kununa. Shikamoo ikafia hapohapo. Akizidisha chumvi kwenye mchanganyiko namwambia, "We mtumwa wangu, hao ni kuku, siyo samaki ng'onda unakausha!" Naye anajibu, "Nyamaza huko, umeshuka mlimani juzi, mizani umeionea wapi?" Kiwanda kizima kinacheka, na mwanzoni alikuwa anarekebisha kweli. Kule semina walisema mlezi mzuri ni yule ambaye mwenzake hamwogopi. Nikajipongeza, maana huyu wangu haniogopi hata chembe.

Na ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Mama yangu alipofariki alikuja hadi Mlali, akalala mlangoni kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku, kama watani wanavyofanya. Nilicheka huku nalia, na mpaka leo namshukuru.

Shida yake hapimi. Anakadiria kwa macho kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wake. Wateja wakaanza kurudisha mifuko, wanasema kuku wanakunywa maji na kuharisha tu. Meneja akaniambia, "Mwambie abadilike, la sivyo simwajiri." Nikamvuta pembeni ya ghala, nikakaza uso. "Kaka, leo sitanii. Usipopima, kazi hupati."

Akanitazama kidogo, akajitupa juu ya magunia, akakunja mikono kifuani na kupiga kelele, "Nizikeni jamani, Mluguru kaniua!" Wapakiaji wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo ninapojichukia. Nilicheka, nikaondoka, nikajidanganya kwamba ujumbe umefika.

Juzi Jumatatu meneja kaniita. Uamuzi umeshatoka, Ijumaa ni siku yake ya mwisho, na mimi mlezi wake ndiye wa kumwambia. Nikaomba aongezewe muda, akakataa.

"Si ulimwonya?" akauliza.

"Nilimwonya."

"Basi haitamshtua," akasema, akarudi kwenye simu yake. Ningesema nini? Kwamba nilimwonya tukaishia kucheka wote?

Nikamfuata palepale, nikaona nianze kwa heshima ili ajue leo ni jambo zito. Nikamwambia, "Shikamoo, kaka." Ndugu zangu, alicheka mpaka akashikilia mizani asidondoke. Akawaita wenzake waje waone Mluguru amepata adabu. Sikuweza kuendelea.

Jioni hiyohiyo nasikia hodi nyumbani. Ni mtani, na mke wake na watoto wao waliofika siku hiyo kutoka Tabora, wamehamia moja kwa moja. Mke kaniletea dumu la asali. Mtani alipotoka nje kuongea na mume wangu, yule mama akanishika mkono.

"Dada, asante sana. Mimi niliogopa kuhama. Watoto nimewatoa shule, mbuzi wangu nimeuza wote. Nilimuuliza mwenzangu, una uhakika na hiyo kazi? Akasema, kungekuwa na tatizo mtani wangu angeshaniambia, yule hanifichi kitu."

Nilimwitikia tu "karibu, karibu". Tangu hapo silali vizuri, asali yenyewe sijaifungua.

Leo ni Jumatano. Mume wangu anasema nimwachie meneja mzigo wake. Lakini najua akikabidhiwa barua getini mbele ya watu, atanitafuta mimi kwa macho. Nikinyamaza nimemsaliti, nikifungua mdomo anaona mchezo umeanza. Nimebanwa pande zote, na huu mdomo wangu ndio ulionifikisha hapa.

Nishaurini ndugu zangu, ila msiniandikie "mwambie tu ukweli". Ukweli nimeshamwambia. Nimwambieje mtu huyu ili aniamini?