Kisahani Kilichokaa Kwenye Mwanga

Msimamizi wa ofisi aliniomba niiache taa ya hadubini ikiwaka ili wageni waone, nami nikasema sawa. Nilipaswa kusema hapana. Ufunguo wa chumba kile ulikuwa kwangu, daktari aliyeongoza utafiti alikuwa Merti akichukua vipande vya ngozi ya ngamia, na hakuna mwingine pale siku hiyo aliyejua madhara ya ile taa.

Maabara yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Isiolo, na tulikuwa tunachunguza jinsi kidonda cha ngamia kinavyofunga. Tulikuza seli za ngozi ndani ya kisahani cha plastiki mpaka zijae chini kama mkeka. Kisha daktari alikwaruza mstari katikati. Huo mstari ndio uliokuwa kidonda, na seli za pande zote mbili zilianza kuhama polepole kuelekea pale palipo wazi. Tulizitia rangi inayong'aa kijani ikipigwa na mwanga wa buluu, la sivyo zingeonekana kama vivuli tu. Kamera ilipiga picha kila baada ya dakika kumi. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta nikibofya kila seli, picha baada ya picha, mpaka njia yake yote ijichore.

Kanuni ilikuwa moja. Taa ya buluu iwake wakati wa picha tu, kufumba na kufumbua, kisha izimwe. Rangi ile ikimulikwa muda mrefu huzaa sumu ndani ya seli, nayo seli hujikunja na kusimama. Daktari alinifundisha hayo siku ya kwanza, mimi niliyekuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka mingi ya kuosha chupa.

"Mzee, mkono wako umetulia," aliniambia. "Hii kazi ni yako."

Wiki hiyo nilitembea mjini kama mtu aliyepandishwa cheo.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mfugaji wa Kulamawe. Huko hupaka vidonda vya ngamia utomvu wa hagarsu, mti wa nyikani, na watu walimfuata yeye kwa sababu alijua mti upi wa kugema na wakati gani. Mimi ndiye niliyemwomba atuletee utomvu tuupime. Alikuja na kichupa kimoja, akatoa salaam aleikum kwa kila mtu mpaka kwa friji, nikamkalisha kwenye hadubini kwa dakika moja.

"Hizi zinahama kama sisi," alisema kwa Kiborana, jicho moja amelifumba. "Zimeona nyasi ng'ambo ile."

"Hazijui nyasi. Zinafunga kidonda."

"Na hii iliyobaki nyuma?"

"Kila kundi lina moja ya namna hiyo."

"Hii ni wewe, shemeji. Imeoa, sasa haitaki kutembea."

Alipokuwa akiondoka aliweka mzaha kando. "Ukiona inafanya kazi, waambie watu wa ofisi ya mifugo. Wananiita mzee wa gundi. Wewe wanakusikiliza."

Kisahani kisicho na utomvu tulikimaliza kwanza, na kidonda chake kilifunga vizuri. Siku iliyofuata niliweka chenye utomvu chini ya hadubini, na ndiyo siku wageni walipokuja. Msimamizi alitaka waone dawa ya kienyeji iking'aa kwenye skrini. Nilimwambia taa haifai kukaa wazi. Akasema, "Wacha iwake kidogo tu, mzee wangu, hawa wametoka mbali." Ikakaa zaidi ya nusu saa. Wageni walipiga picha kwa simu, wakauliza bei ya ngamia, wakaenda kula.

Nikaizima taa na kuendelea na kazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Seli hazikusonga tena. Jioni, ule mwanya ulikuwa na upana uleule wa asubuhi. Fomu yetu ilikuwa na safu ya mwanga, ya kuandika taa ilikaa wazi muda gani. Nikaandika: kama kawaida.

Daktari aliporudi alitazama njia nilizochora, vinukta vilivyosimama mahali pamoja.

"Hazijasonga hata kidogo?"

"Hazijasonga."

"Taa ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

Niliogopa kurudishwa kwenye sinki la chupa. Sababu yenyewe ni hiyo tu, nimeitafuta nyingine sikuipata.

Alisema tutarudia. Lakini umeme ulikatika siku mbili, kabati la joto la kutunzia seli likapoa, seli zote zikafa, na muda wa mradi ukaisha. Katika ripoti aliandika kwamba ni jaribio moja tu na halitoshi. Waliopokea ripoti hawakufika kwenye mstari huo. Mwezi uliofuata afisa wa mifugo aliita baraza Kulamawe kuwaambia wafugaji waache utomvu kwa sababu unazuia kidonda kufunga. Alihitaji mtu wa kutafsiri kwa Kiborana, nikatumwa mimi.

Nilisimama mbele ya watu nikayasema maneno yale kwa mdomo wangu. Shemeji aliinuka kutoka safu ya mbele. Hakumwangalia afisa.

"Shemeji, wewe uliona kwa macho yako?"

"Niliona."

"Basi," akasema, akaketi.

Aliniamini. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma. Wengine waliendelea kupaka kisirisiri, lakini yeye aliacha hata kwa ngamia wake mwenyewe. Watu wakaacha kumwita kwenye maboma yao. Sokoni walimtania, "Mzee wa gundi, viatu vyangu vimefunguka, niletee kidogo." Mke wangu alikuwa akienda Kulamawe kila mwezi, na kila akirudi aliketi jikoni akanieleza jinsi kaka yake alivyozidi kunyamaza. Wakati mwingine alilia. Mimi nilimmiminia chai, nikamwambia watu watasahau. Nilifanya hivyo kwa miaka minne.

Daktari alirudi Isiolo na mradi mwingine, na nilipomwona akifungua mlango wa chumba kile nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia yote. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akaketi, kisha akaniuliza kama utomvu unaweza kupatikana tena. Safari hii alifanya mara tatu, akazichora njia za seli yeye mwenyewe. Utomvu haukuharakisha kitu, wala haukuzuia kitu. Seli zilivuka mwanya na kukutana. Aliandika barua ya kusahihisha, na mimi nikapanda gari kwenda Kulamawe.

Shemeji alinisikiliza akiwa anamfunga ngamia kamba ya mguu. Alilimaliza fundo kwanza.

"Ungeniambia wiki ile ile ningecheka," alisema. "Taa imewaka, imeharibu, tunajaribu tena. Ni kitu gani hapo?" Kisha akauliza, "Dada yangu anajua?"

"Bado."

"Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Nilimwambia siku hiyo hiyo niliporudi. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua sauti.

"Kwa hiyo nikilia hapa, kwa kiti hiki, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na unaniwekea sukari kwa chai."

Aliyamaliza yale maharagwe, akayabandika motoni, akampigia kaka yake simu. Watoto wetu walikuwa wameshaoa na kuolewa, hakuna aliyebaki nyumbani wa kumzuia. Asubuhi aliondoka na sanduku moja. Nilituma wazee mara mbili, na mara zote mbili waliletewa maziwa, wakaheshimiwa, wakarudishwa na jibu lile lile: kosa la kazini angelisamehe, lakini hawezi kuishi na mtu aliyemtazama akilia miaka minne huku ameishika sababu mkononi.

Huu ni mwaka wa sita tangu aondoke. Barua ya daktari ilisomwa barazani, na watu wanamwita shemeji kwenye maboma yao kama zamani. Mke wangu anaishi kwa kaka yake. Hatujaachana rasmi, lakini hatarudi, na mimi nimezeeka peke yangu katika nyumba tuliyoijenga pamoja.