Kitufe Kisicholia

Mume wangu ameitwa kwenye usaili wa ualimu wa muziki mara ya sita, na mimi nimechoka kupiga pasi shati lilelile. Miaka yote hii anafundisha kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na mwakani umri hautamruhusu kuajiriwa tena. Hii ndiyo nafasi ya mwisho. Sote wawili tunajua, ila hakuna anayethubutu kulitamka.

Wiki nzima alijiandaa. Kila jioni akirudi anavua viatu, anakaa kwenye kinanda chetu cha mtumba na kurudia wimbo mmoja wa darasa la kwanza. Kinanda chenyewe kina kitufe kimoja kisicholia, tangu tulipohama na wapagazi wakakibwaga ngazini. Fundi alikifungua, akakuna kichwa, akakifunga. Basi kidole cha mume wangu kikifika pale kinaruka tu, na mimi jikoni namjazia ile sauti inayokosekana. Miaka kumi na mmoja sasa. Naosha vyombo, "laa". Nakata vitunguu, "laa".

"Leo umechelewa, mama watoto," alinitania juzi.

"Mikono yangu imejaa vitunguu."

"Kwani unaimba kwa mikono?"

Siku yenyewe ilipofika nilimsindikiza, maana hata vifungo vya shati vilikuwa vinamshinda. Nilikaa kwenye benchi la korido, roho juu. Mlango waliuacha wazi kidogo kwa sababu ya joto, na ndani niliona piano nyeusi inayong'aa, nzima kabisa.

Akaanza vizuri. Alipofika pale, kimya. Nikajua kidole kimeruka. Sauti ilinijaa kooni, nikajiziba mdomo kwa kiganja nisije nikamwaibisha mbele ya wakubwa wale. Ubeti wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Niliumia, na nilijilaumu pia, kwa sababu ni mimi niliyekizoesha uvivu kidole kile.

Alitoka, akaketi kando yangu, akalegeza tai.

"Wamesemaje?"

"Watanijulisha."

Neno hilo tumeshalisikia mara tano. Nikachukua mkoba wangu tuondoke, lakini yeye hakuinuka.

"Mbona ulinyamaza?" akaniuliza taratibu. "Nilikuwa nakusubiri."