Clemence na Moshi wa Ghorofa ya Tatu

Clemence Linklater alikuwa na kicheko kisichojua adabu. Kilimjia pasipotakiwa: kanisani padri akiwa katikati ya mahubiri, hospitalini daktari akimgonga goti, hata siku ya kumzika mumewe, jeneza lilipokwama mlangoni na mashemeji wakaanza kulaumiana nani kati yao ni mnene. Hakucheka kwa dharau. Kilianza mabegani, kikapanda kooni, halafu basi, ameshapotea. Dada yake Adele alizoea kusema, "Huyu Mungu alimuumba siku ya sikukuu."

Aliendesha basi la shule kaskazini mwa jimbo la Saskatchewan, Kanada, kwa watu wake, Wakrii wa maziwani, mpaka watoto aliowabeba wakaanza kumpandishia watoto wao. Alipotimiza miaka sitini akatangaza mezani kwamba anakwenda chuo kikuu kusomea ualimu wa Kikrii. Watu wakacheka, wakidhani ni utani wake wa kawaida. Septemba ikamkuta ghorofa ya tatu ya bweni, katikati ya vijana waliolala mchana na kukesha usiku, na birika lake la chai, furushi la majani aliyoyachuma mwenyewe, na kikaango kidogo cha chuma. Wanafunzi wakamwita Kokum, yaani bibi, hata wale waliotoka Punjab na Lagos.

Kikaango hicho hakikuwa cha kupikia. Kila asubuhi, kama mama yake kabla yake, Clemence alichoma humo majani kidogo, akauchota moshi kwa viganja, akaupitisha kichwani, machoni na kifuani, akaomba. Siku isiyofukizwa kwake ilikuwa kama uso usiooshwa. Lakini bwenini hata mshumaa ulikuwa marufuku. Binamu yake Bernadette, mfanyakazi wa nyumba ya wanafunzi wa makabila ya wenyeji ng'ambo ya kiwanja, alimwambia, "Njoo ufukize kwangu, dada. Ila sifungui mapema, nakwambia kabisa. Mimi na kitanda tuna mkataba." Clemence akawa anakatiza theluji kwenda huko, na mambo yakaenda.

Yakaenda mpaka mtihani wa kwanza wa Desemba, uliopangwa kuanza Bernadette akiwa bado na mkataba wake.

Clemence aliamka kukiwa bado giza. Akajisemea, leo siendi bila kuomba. Akafungua dirisha, akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo, akapanda kitini na kukivalisha kihisi moshi cha darini kofia yake ya kuogea, ya plastiki ya manjano, yenye picha za bata. Akafukiza. Akaomba vizuri, moyo ukatulia kama maji ya alfajiri. Kisha akafungua mlango atoke, na moshi wote aliokuwa ameufungia ukamfuata ukumbini kama mbwa anayemfuata mwenyewe. Na ukumbini kulikuwa na kihisi kingine, kisicho na kofia.

King'ora kililia kama nguruwe anayechinjwa. Bweni zima likamwagika nje kwenye baridi ya kukausha mate mdomoni. Kijana mmoja alikuwa amejifunga shuka, mwingine ana povu la dawa ya meno, na msichana wa ghorofa ya pili amekumbatia paka, naye paka alikuwa marufuku vilevile. Clemence alisimama katikati yao, kikaango mkononi, kama mtu aliyekatishwa akipika mayai. Gari la zimamoto lilipoingia likipiga honi, akayasikia mabega yake yakianza. "Si sasa," akayaambia. "Tafadhali, si sasa." Hayakusikia.

Aliyeshuka kutoka ghorofani alikuwa Orest Hrycak, mkaguzi wa usalama wa moto wa chuo, mjane mrefu mwenye kipara kinachong'aa, miwani na masharubu mazito. Mkononi alishika kofia ya manjano.

"Nani amekivalisha kihisi kofia ya bata?"

Vijana wakamtazama paka.

"Nauliza tena."

"Mimi, baba," Clemence akasema, machozi ya kicheko yakimgandia mashavuni. "Dirisha lilikuwa wazi. Nikaona kitashikwa na mafua."

Vijana wakaangua kicheko. Masharubu ya Orest yakatikisika, akayazuia kwa mkono. Halafu akasema taratibu, "Mama, humu wanalala watu mia mbili. Kikaango kingepinduka juu ya godoro, hiki kitu kingekaa kimya na kofia yake. Ungekufa, na watoto hawa pamoja nawe."

Kicheko kikakatika. Aliwatazama vijana wakitetemeka ndani ya mablanketi yao, akaona kwamba mtu huyu hakuwa akimkaripia. Alikuwa ameogopa.

"Hapo umesema kweli," akajibu. "Nisamehe."

Mtihani aliufanya akinuka moshi, akaufaulu. Lakini alipoitwa ofisini kwa meneja wa mabweni alikwenda na sanduku lake limeshafungwa, akijua anarudishwa kwao. Orest alikuwepo. Kabla meneja hajafungua kinywa, yeye akasema, "Kumkataza tulishamkataza, na tulichovuna ni kofia. Anayesali kwa kujificha ndiye wa hatari. Tumpe mahali pa wazi, afukize, nami nitakaa naye."

Meneja akafikiri, akauliza maswali mawili matatu, akasema, "Haya. Tujaribu."

Siku ya kujaribu, Orest aliingia sebule ya chini amebeba ndoo ya mchanga, feni ya dirishani, tangazo la kubandika mlangoni na mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Alikuwa amepita vyumba vyote kuulizia wenye pumu. Alimpata mmoja, na kijana huyo alishaarifiwa mapema akaenda zake maktaba. Kihisi cha sebule peke yake ndicho kilichozimwa. Vya kwingine vyote vilibaki macho.

"Na nikishakizima," akasema, "siondoki hapa mpaka nikiwashe tena."

"Dada, umepata mlinzi," Bernadette akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Mwenzio hata mchezo wa bingo sijashinda."

Clemence akawasha majani. Moshi ukapanda mwembamba, ukapinda kuelekea dirishani. Walipomaliza wenyewe wakamgeukia Orest, aliyekuwa amesimama wima kama askari wa lango.

"Vua miwani, shemeji," Bernadette akasema, ushemeji alioutunga papo hapo. "Na weka chini huo mtungi. Hatuendi vitani."

"Siwezi. Niko kazini."

Basi akafukizwa na mtungi kwapani. Alichota moshi kwa mkono mmoja, akaupitisha machoni, kifuani, akaanza kuupaka kwenye kipara kwa uangalifu mkubwa.

"Hapo usikawie," Clemence akasema. "Hapo hakuna kilichobaki cha kuombea."

Orest akacheka. Alicheka kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa miaka, kwa kukwaruza kwanza, kisha kufunguka wote. Akawasimulia kwamba utotoni, katika kanisa la Waukraine kijijini kwao, yeye ndiye aliyezungusha chetezo cha ubani. Pasaka moja alikizungusha kwa nguvu mno, kaa likaruka, likatua kwenye joho la padri. "Nililizima kwa maji ya baraka," akasema. "Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya zimamoto." Clemence ilibidi akae chini sakafuni.

Kuanzia hapo utaratibu ukawa huo: anayetaka kufukiza anampigia Orest mapema, sebule inatayarishwa, mtu wa kuangalia hakosekani. Vijana wengine Wakrii, na Wadene majirani zao wa kaskazini, waliokuwa wakijinyima kimya kimya, wakaanza kushuka na makopo yao ya majani. Ila ilipofika Februari, Orest ndiye aliyekuwa akipiga simu.

"Leo hamfukizi?"

"Tulifukiza asubuhi, Orest. Ulikuwepo."

"Ah. Basi nilikuwa naulizia feni."

Clemence alikata simu akazunguka chumba mara tatu, mikono mashavuni, kama msichana. Bernadette alimwona siku hiyo akimimina chai kwenye bakuli la sukari, akasema tu, "Ehee."

Mambo yaliiva mwezi Aprili. Clemence alikuwa amevaa sketi mpya yenye mistari ya utepe wa bluu na nyekundu, vazi la ibada la kwao, aliyoishona mwenyewe. Orest akaingia, akamwona, akaweka ndoo, akaweka feni, akaketi. Moshi ulipopanda, king'ora kikalia. Bweni zima nje tena, kwenye matope ya theluji inayoyeyuka. Msichana wa ghorofa ya pili sasa alikuwa na paka wawili.

Mkuu wa kikosi cha zimamoto, aliyemjua Orest tangu ujana, alishuka garini akikenua. "Kihisi hakikuzimwa. Kazi ya nani?"

"Yangu."

"Wewe? Miaka yote hiyo! Ulikuwa unafanya nini?"

Orest alitazama matope, akatazama sketi. "Nilikuwa namwangalia Clemence," akasema. Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, akaongeza, "Na afadhali kusahau kuzima kuliko kusahau kuwasha."

Vijana mia mbili walipiga vigelegele na miluzi. Clemence mabega yakamcheza, safari hii hakuyaambia kitu. Alivuka matope na sketi yake mpya, akamshika mkaguzi mkono mbele ya watu wote.

Kiangazi Clemence alimpeleka kaskazini kwao. Adele alimpokea Orest ufukweni kwa kumkabidhi kisu na samaki, bila salamu. "Safisha, shemeji. Tukuone."

Orest alijitahidi. Samaki wa kwanza alimponyoka akarudi ziwani. Wa pili akatoka nyama kama iliyotafunwa na mbwa, na kidole cha Orest kikitoka damu. Kaka wawili wa Clemence waligeuka wakatazama upande wa pili, migongo ikiwatetemeka.

Adele alikipindua kipande cha samaki huku na huku, akawatupia shakwe. "Kukata hajui," akatoa hukumu. "Ataosha vyombo."

"Naosha vizuri sana," Orest akasema kwa unyenyekevu, kidole mdomoni.

"Basi mwache akae," Adele akamwambia dada yake, akaenda kuweka maji ya chai jikoni.